Tanuri Lililomeza Sufuria

Jumatatu, 4 Machi
Dada yangu mpendwa, salamu nyingi. Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Nitakuandikia kila siku wiki hii, kisha nikutumie zote pamoja.

Habari kubwa: mama mkwe anakuja Jumamosi. Unamjua. Kila akija hutazama banda la kuku lisilo na mlango, na rafu yangu iliyolala upande, kisha huuliza, kwa upole kabisa, kama kuna kitu nilichowahi kukimaliza. Safari hii atanyamaza. Najenga tanuri la matofali uani, la kuni. Jumamosi atakula mkate uliotoka humo. Nimeshaliombea. Nina amani moyoni.

Jumanne, 5 Machi
Matofali nimepewa na jirani, yule tunayemwita Bwana Ushauri. Alikuwa amebomoa ukuta wake wa zamani. Akataka pia kunionyesha namna ya kuchanganya udongo. Nikamwambia najua. Udongo ukawa uji. Nikaongeza mchanga. Ukawa mchanga. Hatimaye ukashika, na kandambili zangu ukazishika pia.

Shida ni paa la mviringo. Kila nikipanga matofali, yanaanguka ndani.

Jumatano, 6 Machi
Wazo! Limenijia katikati ya sala, na Mungu anisamehe, sikusubiri amina. Sufuria kubwa ya shughuli, ile mama mkwe aliyotuzawadia siku ya harusi! Nikaipindua juu ya sakafu ya tanuri, nikapanga matofali kuizunguka na kuifunika. Hata moja halikuanguka. Mama watoto alikuwa kwenye kikundi cha maombi, kwa hiyo sikumsumbua kwa kumwomba ruhusa.

Bwana Ushauri akachungulia juu ya ukuta. Akatazama mdomo wa tanuri, unaotosha sinia dogo la mkate.

“Jirani,” akasema, “hiyo sufuria itatokea wapi?”

Nikamjibu kila jambo lina wakati wake. Wivu, dada. Wivu mtupu.

Alhamisi, 7 Machi
Udongo umekauka, mgumu kama jiwe. Kazi safi.

Sufuria haitoki.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeivuta. Nimeisukuma. Nimeipaka mafuta. Mkono wangu nao ukakwama, hadi mama watoto akaja na sabuni. Akauliza natafuta nini humo ndani. Nikasema nakagua.

Nifanyeje? Nikilivunja tanuri, mama mkwe kasema kweli. Nikiliacha, nimemzikia sufuria yake. Leo nimefunga na kuomba, isipokuwa chakula cha mchana.

Jumamosi, 9 Machi
Amefika asubuhi. Shikamoo, marahaba, na kabla hajatua mzigo akaulizia sufuria yake. Amekuja na unga wa kutosha ukoo mzima! Mama watoto akaingia stoo kuitafuta. Mimi nikampeleka mama mkwe uani, nikawa nalisifia tanuri ili muda upite. Akalizunguka. Akaingiza mkono mdomoni mwa tanuri, akagonga kwa pete. Ngo!

“Mkwe wangu,” akasema, “hiyo sauti naijua.”

Nikaanza kutubu, lakini hakunisikia. Alikuwa anacheka. Alikaa juu ya matofali akacheka hadi kilemba kikaanguka. Bwana Ushauri naye akacheka kule ukutani. Mama watoto akatoka stoo, akaona, akacheka kuliko wote. Kisha mama mkwe akaomba nyundo. Pigo la kwanza lilikuwa lake.

Sufuria imetoka na kibonyeo kimoja tu. Tukaiweka juu ya makaa palepale kwenye sakafu ya tanuri, unga uliokandwa ndani, mfuniko, makaa mengine juu. Dada, mkate ulivyofura! Bwana Ushauri akaleta siagi. Tulikula tumesimama, mikono ina masizi.

Mama mkwe akasema hatimaye ameona kitu nilichokimaliza. Nikauliza kipi. Akaonyesha sahani yangu.

Jumapili, 10 Machi
Nimeimba ibadani hadi sauti imekauka. Mama mkwe ameondoka, na sufuria ameibeba, eti ikapumzike.

Matofali mengi bado mazima. Nimekaa nayo, nimetafakari, na nimeona kosa lilipokuwa: sufuria ilikuwa ndogo. Lile beseni lako kubwa la bati, dada, bado unalo? Nijibu upesi.