Viatu vya Milango Saba

Jamani, mjini hamna habari nyingine! Ni hii tu ya Mdomo Asali, yule kijana tapeli wa maneno matamu.

Kuna dada msanii kasimamisha milango saba katikati ya bustani ya mji. Fremu tupu, kazisuka kwa matawi mabichi: mmoja una msalaba juu, mwingine mwezi, mwingine kiota chenye ndege wa kweli. Pembeni kaweka kibao: "Vua viatu, pita taratibu." Watu wakaona sanaa. Mdomo Asali akaona viatu.

Na alivihitaji, maskini! Saa kumi siku hiyo anakwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake, mzee asiyemjua hata kwa picha, na mchumba kashamwonya: "Baba anakagua viatu kwanza, uso baadaye." Vyake vimefungwa kwa waya mwekundu wa umeme.

Akasimama kwenye mlango wa kwanza, uso mtakatifu kabisa. Punde akatokea mzee wa kitambi, miguuni viatu vya ngozi vinang'aa. Saizi ile ile!

"Shikamoo mzee. Umekuja na ombi?"

"Marahaba. Kwani hapa yanajibiwa?"

"Yanajibiwa? Juzi mtu kaomba kiwanja, leo anachimba msingi!"

Mzee akashusha sauti. "Mimi nataka mkwe mwenye pesa."

"Basi milango yote, mara saba, macho umefumba. Ukichungulia, unaanza upya. Viatu niachie mimi."

Mzee akaingia, mikono mbele kama anatafuta swichi. Huku nyuma mtakatifu wetu akavaa vya ngozi, akamwachia vya waya, akaondoka kwa mwendo wa waziri.

Saa kumi kamili yuko kwa mchumba. Anainama avue viatu mlangoni, macho yakamtoka. Vyake vya zamani hivi hapa, vimetangulia kufika! Waya mwekundu na yote.

Hajainuka, mlango ukafunguliwa. Kitambi kile kile. Mzee akaanza na miguu, kama alivyosifiwa.

"Baba, ndiye huyu!" binti akadakia kwa nyuma. "Ana shughuli zake mjini!"

"Nimeziona," mzee akasema. "Mwanangu, mimi nimejigonga fremu saba mara saba kwa ajili yako. Na wewe kijana, vua."

Akavua. Mzee akakumbatia vya ngozi, halafu akaokota na vya waya.

"Baba, na hivyo tena?" Mdomo Asali akauliza.

"Hivi vinabaki. Hapa kwangu napo ni patakatifu. Ukimtaka binti yangu, utakuja peku, kila siku, mpaka nichoke kucheka."

Leo mchana kaonekana anavuka lami ya moto, anarukaruka, maua mkononi.