Abibu Asife Njaa

26 Mei 1954, Jumatano
Shule ya mamasera, masista wanaotuhimiza huruma, nimeimaliza. Sasa nimtafute mtu wa kumsaidia. Nimempata! Abibu, fundi mpya anayeshona barazani kwa jirani. Mchana kutwa hali kitu. Hata maji! Ana macho mazuri, lakini si hiyo sababu. Nimechukua sombe la Baba, majani ya muhogo ya kupikwa, na kipande cha samaki, nimeweka sahani kwenye mashini ya Abibu, nimekimbia bila salamu.

27 Mei, Alhamisi
Sikukuu ya Kupaa. Baada ya misa nimempelekea bukari, ugali wa moto. Ameshukuru, ameifunika. Hakula! Bila shaka ana mama mgonjwa, anamwekea. Ameomba anipime, anishonee blauzi ya bure. Nimekataa. Mwenye njaa anipe kitambaa? Binamu yangu Delphine alikuwa anapita, ameuliza mbona yeye hapimwi. Hana haya!

29 Mei, Jumamosi
Nimeelewa! Anaona aibu kula mbele ya watu. Nimechukua kitenge cha Mama, nimekishika mbele yake kama pazia, nimemhimiza ale upesi. Wapita njia wamesimama. Delphine amecheka mpaka amekaa chini: “We Virginie! Huyu iko mu-Islamu wa Maniema, iko anafunga Ramazani! Jua ikishuka, kwabo banakula kukupita weye!”
Abibu amesema kwa upole ni kweli. Sombe langu amelifuturia, tamu sana. Mama yake ni mzima, ananialika Idi. Nimerudi nyumbani na kitenge kichwani, hata macho sikuacha nje.

3 Juni, Alhamisi
Idi! Nyama, wali, wageni mpaka uani. Nimekula kidogo, nisiwamalizie. Abibu ametoa blauzi ya maua. Amenishonea kwa kukisia tu! Moyo umenidunda. Lakini anayelisha watu wengi hivi, kesho atakula nini? Nimemwambia aiuze. Amenitazama sana. Amesema anayetoa siku zote na kukataa kupokea humfanya mwenzake ombaomba. Nimemjibu asihofu, mimi sichoki.
Delphine, niliyekuja naye, amenyoosha mkono, amesema aksanti, ameivaa blauzi hapo hapo. Imembana, hajali. Abibu amemsindikiza kwao. Mimi nimebaki nikiosha sufuria za mama yake.
Nimelia kidogo. Kisha nimewaza: Delphine anakula kama watu wawili. Atamfilisi, maskini! Kesho asubuhi nampelekea Abibu viazi vitamu.