Mzimu wa Saa Nane Mchana

Jumatatu, 3 Machi

Dada ametangaza vita. Asubuhi, mkoba ukiwa bado begani, mbele ya Mpishi, amesema nyumba ya wageni aliyotuachia Mama inafungwa mwisho wa mwezi. Vyumba vinane, mgeni mmoja, naye ni yule muuza dawa za meno aliyekuja kulala siku moja akaumwa tumbo. Mumewe, yaani Shemeji, atapageuza ghala la matairi. Nikauliza, na mimi meneja? Akasema kwenye ghala kuna kazi ya kuhesabu.

Mimi nihesabu matairi! Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye meza ya mapokezi. Nina kengele. Nina kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibwe. Humu ndimo nilimozaliwa, chumba namba mbili, siku wageni walipojaa. Nilikula chakula cha mchana nikiwa nimenuna, ila nilikimaliza.

Alasiri, neema. Tangazo kwenye mtandao: Chama cha Wachunguzi wa Mizimu na Ngano, wasomi kutoka nchi tisa, wanakutana mjini juma lijalo. Asubuhi mikutano, mchana mapumziko. Wanatafuta malazi. Watapendelea nyumba yenye mzimu.

Nikagonga kengele yangu mwenyewe kwa furaha. Kisha nikaandika. Chumba namba saba kina mzimu wa bibi mmoja. Hasumbui mtu. Huingia, hunyoosha shuka, hupitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha kutafuta vumbi, akilikuta huguna. Sijui nimeyatoa wapi hayo, yalikuja yenyewe. Kipaji.

Muda wa mzimu kutokea: saa nane hadi saa tisa mchana. Ningeweza kuandika usiku, lakini usiku mimi naogopa mizimu.

Jumatano, 5 Machi

Wamekubali! Watu kumi na wawili, siku tano. Vyumba sita watalala wawili wawili, cha saba kibaki wazi kwa uchunguzi, cha nane ni cha muuza dawa za meno na tumbo lake. Nyumba imejaa. Mara ya mwisho kujaa Mama alikuwa hai.

Dada nimemwambia ni walimu. Si uongo sana. Alinitazama kwa jicho lile analonitazama tangu nikiwa na miaka minne, kisha akasema haya, juma hilo liwe kipimo. Wakiondoka wameridhika na kuahidi kurudi, ghala litasubiri mwaka mzima. Akilalamika hata mmoja, matairi yanaingia Jumamosi.

Shemeji amekuja kupima sebule kwa futi kamba huku akipiga mluzi. Mpishi akamwambia anayepiga mluzi ndani ya nyumba huita nyoka. Aliacha palepale, akawa anatazama chini ya makochi. Watu wengine ni wepesi sana wa kuamini.

Wageni wametuma pia maswali thelathini na mawili. Je, mzimu una miguu? Unaonekana kwenye kioo? Unaogopa chumvi, chuma au mbwa? Kote nimejibu: inategemea.

Jumapili, 9 Machi

Maandalizi. Kiti cha bembea cha Mama nimekihamishia chumba namba saba. Nimekifunga kamba nyembamba, nikaipitisha dirishani, nikaivusha ua wote hadi kwenye nguzo iliyo karibu na pipa la maji. Nikivuta, kiti kinabembea.

Jaribio la kwanza lilifana mno. Nilivuta, nikachungulia dirishani, nikaona kiti kinabembea peke yake. Nikaachia kamba nikatimua mbio hadi jikoni. Mpishi akauliza kulikoni. Nikasema mazoezi.

Ilibidi nimweleze. Amepika hapa tangu enzi za Mama, hafichwi kitu. Alisema tu kwamba Mama hakupenda uongo ndani ya nyumba yake, akaendelea kumenya viazi. Nimemwomba anisindikize chumba namba saba kesho nikatandike kitanda. Si kwamba naogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Wamefika! Kiongozi ni mzee mpole asiyevua kofia, nimempa jina la Profesa Kofia. Kuna Mama Daftari, anayeandika hata ukimsalimia. Na kuna Mrefu, ambaye ameshagonga kichwa kwenye milango mitatu akaishukuru yote.

Wakati wa chai wakabishana. Mrefu anasema mizimu ya kwao haina miguu, huelea. Profesa Kofia anasema ya kwao utaijua kwa kishindo cha nyayo ngazini. Wakanigeukia mimi, mwenye mzimu. Nikataka kuwaridhisha wote. Nikasema wetu una mguu mmoja.

Mama Daftari akaandika, kisha akauliza ni wa kushoto au wa kulia.

Habari ya saa nane imewapendeza kupita kiasi. Profesa Kofia ameniambia kwao mashambani husimuliwa mwanamke anayetokea jua la utosi na kuwahoji wavunaji wasiotaka kupumzika. Mzimu wa mchana! Akanipa mkono. Nikasema huenda ni ndugu na wetu.

Jioni Mrefu akamwaga mchele mbele ya chumba namba saba. Kuna nchi, anasema, ambako mzimu hauwezi kuvuka nafaka bila kuihesabu punje moja moja. Baada ya dakika tano Mpishi alipita na fagio na ungo. Wageni wote wamesifu wali wa leo.

Jumanne, 11 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nane kamili. Wasomi kumi na wawili wamejipanga ukutani chumba namba saba na vipimajoto vyao. Mimi nyuma ya pipa. Nikapiga moyo konde nikavuta kamba, taratibu. Nikasikia watu kumi na wawili wakivuta pumzi kwa pamoja. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu siku niliyonunuliwa kengele.

Akatokea Shemeji na beseni la nguo; hufulia kwetu, maji ni ya bure. Akaona kamba mpya. Akafurahi.

Nikampungia mkono aache. Naye akanipungia. Akaanika suruali zake za kazi, nne, mbichi, hakuzikamua hata kidogo. Kamba ikadidimia. Humo ndani kiti kikaburuzwa chumba kizima hadi kikajibamiza dirishani.

Vikajitokeza vichwa. Macho yakaifuata kamba kutoka kwenye kiti, yakazipitia suruali moja baada ya nyingine, yakafika kwenye pipa. Nilijitia naangalia kina cha maji.

Baadaye daftari lilisahauliwa mezani, nikasoma. Limeandikwa hivi: suruali za kiume, nne, zinachuruzika maji. Meneja yuko nyuma ya pipa. Ana miguu miwili.

Shemeji ameshampigia Dada simu, anakuja kesho. Nimeula wa chuya. Nimekaa mapokezi nikiifuta kengele, na sioni aibu kusema nimelia kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Dada alifika saa saba na nusu. Hakunisalimia. Akaingia sebuleni, akawaomba radhi wageni mmoja mmoja kwa niaba ya familia, akawaambia mdogo wake hana nia mbaya, ana kiherehere tu. Shemeji alisimama mlangoni na futi kamba mfukoni.

Profesa Kofia akajibu kwa upole kwamba wao wameshaonyeshwa mizimu ya uongo katika nchi nyingi na hawakasiriki, ni sehemu ya kazi. Lakini kuna jambo moja linamsumbua tangu apate barua yetu. Watu wakitunga mzimu, anasema, huupa vilio na minyororo. Hajawahi kukutana na mtu aliyetunga mzimu wa kunyoosha shuka. Akatoa barua yangu akaisoma kwa sauti.

Dada akaketi. Akamwomba arudie pale penye kidole.

Akarudia. Kidole kwenye ukingo wa dirisha, na kuguna. Dada akafunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Nikajua basi, matairi hayo. Kumbe akasema huyo ni Mama. Kila siku saa nane, wageni wakiwa kwenye shughuli zao, Mama alipita chumba hadi chumba, akavuta shuka, akapitisha kidole, akaguna. Alitugunia sisi wote, miaka yote.

Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani natunga.

Mpishi akatoka jikoni na kisu cha viazi mkononi. Akasema yeye tangu Mama afariki hufuta dirisha la namba saba kila siku kabla ya saa nane. Siku aliyosahau, alisikia kuguna. Nywele zilinisimama. Nikasogea karibu na Mrefu.

Uchunguzi wa siku hiyo uliishia hapo. Wakaanza kusimulia, na si ya kwenye vitabu. Mmoja alisema kwao hufunika vioo akifa mtu, naye siku ya baba yake alisahau kimoja, cha bafuni, na hadi leo anakitazama kwa heshima. Mwingine humtengea marehemu babu yake sahani siku moja kila mwaka; mboga hubaki, na asiyezipenda ni yeye mwenyewe, babu husingiziwa. Mama Daftari alifunga daftari. Akasema marehemu mama yake hugonga bomba la jikoni kila yeye anapounguza chakula, na fundi wa bomba ameshakata tamaa.

Dada alicheka mara mbili, nimehesabu. Shemeji akauliza, kwa sauti ya chini, kama Mama angeweza kukaa na matairi. Mpishi akamjibu kwamba vumbi la matairi Mama asingelivumilia hata siku moja, angeguna mchana kutwa. Shemeji akaitoa futi kamba mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Ijumaa, 14 Machi

Wameondoka. Mrefu amegonga kichwa mlango wa mwisho. Kwenye kitabu cha wageni wameandika kurasa tatu, na wameomba vyumba hivyohivyo mwakani, kiti cha bembea kisihamishwe. Profesa Kofia alivua kofia kuniaga. Ana upara mzuri.

Dada amesema ghala litasubiri mwaka. Ameleta picha ya Mama na kuitundika juu ya meza yangu, inatazama moja kwa moja kwenye kengele. Nilimkumbatia, akaniambia nisimkunje mtandio.

Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kilichotuokoa ni ukweli. Kamba ilikaribia kutumaliza. Akauliza kama nimeelewa.

Nimelitafakari jambo hilo jioni yote. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa unene wa kamba.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema. Dada ameniapisha, mkono juu ya kiti cha Mama: sitamdanganya tena mgeni yeyote kuhusu mizimu. Nimeapa kwa moyo wangu wote, hadi sauti ikakatika.

Saa nane niliingia chumba namba saba peke yangu. Peke yangu! Nikafuta ukingo wa dirisha, nikapitisha kidole. Safi. Nikamwambia Mama nyumba ipo, asiwe na wasiwasi. Nikasikia mguno. Nilikuwa nimeshafika mapokezi nilipokumbuka kwamba upande wa pili wa ukuta analala muuza dawa za meno.

Tatizo ni kwamba mwezi wa nne hauna hata mgeni mmoja. Nyumba haiwezi kukaa tupu hadi mwakani, Mama asingependa. Na leo nimeona tangazo la Chama cha Watafutaji wa Viumbe wa Majini. Watu ishirini! Nimekirudia kiapo changu neno kwa neno. Kinataja mizimu. Hakitaji majoka.

Nimewaandikia kwamba ndani ya tangi letu la maji, juu ya paa, kuna kitu chenye shingo ndefu. Hutoa kichwa saa nne asubuhi, baada ya chai. Kamba nimenunua mpya, nene, ya kijani. Na safari hii beseni la Shemeji nimelificha.