Nyotamkia ya Mama

Jumatatu, 6 Oktoba
Redio imetangaza nyotamkia. Itaonekana wiki hii tu, magharibi, jua likishazama, kwa darubini ya kawaida. Mama kaacha kukata vitunguu. Utotoni ilipita nyingine, yeye yuko kitandani na homa. Kaka yake aliiona, na anamringia hadi leo. Nimeapa kimoyomoyo: nitamwonyesha mimi. Si mdogo wangu muuguzi, anayesifiwa hata kwa kuchemsha maji.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeazima darubini ya macho mawili kwa mhariri mkuu wetu kazini, mpenda ndege. Nimeificha ndani ya buti la mvua, mdogo wangu asiione. Nimepanda paani, penye matangi ya maji. Nimeipata! Inang'aa, mkia umetanda kama shela la bibi harusi. Nimelia. Mimi, msahihishaji wa miswada, nisiyelizwa na riwaya yoyote.

Jumatano, 8 Oktoba
Ipo palepale; nimejisifu mezani. Uaminifu ulioje! Mdogo wangu ameuliza kama haipaswi kuzama kama nyota nyingine. Kijicho hicho.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama amepanda ghorofa zote na goti lake bovu, mdogo wangu nyuma yetu. Nimemshikia darubini.

“Mwanangu,” akasema, “nyota hii mbona ina ngazi?”

Ilikuwa taa ya winchi ya mafundi wanaojenga ng'ambo ya barabara. Mkia ulikuwa alama ya kidole gumba changu kwenye kioo. Mdogo wangu akaufuta mkia kwa upindo wa sare yake, akaishusha darubini taratibu hadi juu tu ya vilima, akamwita Mama. Safari hii Mama hakuuliza kitu. Alicheka chinichini, kama msichana aliyepewa siri, kisha akataka simu ampigie kaka yake papo hapo.

Nikatazama. Hafifu, kama pumzi iliyobaki juu ya kioo. Sijawahi kuona kitu kipole kiasi kile kikienda mbali kiasi kile. Nilimpenda mdogo wangu kwa dakika nzima.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama anamsimulia kila mtu kwamba wanawe ndio waliomwonyesha. Wanawe! Nani aliazima darubini? Bila winchi yangu, nani angemfikisha paani? Basi mgunduzi ni mimi. Leo mdogo wangu yuko zamu. Nimepanda peke yangu, nimepata nyingine, ambayo hata redio haina habari nayo: kubwa, nyekundu, inawaka na kuzima kwa mpangilio. Nimemwambia Mama avae viatu.