Mguu wa Nne wa Mbuzi

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Vitabu vya Zamani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana mimi umeniacha hoi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka minne, nashona nguo kwa cherehani ya kuazima. Wiki iliyopita uliandika namna ya kutambua toleo la kwanza la kitabu cha watoto: mtu afungue nyuma ya ukurasa wa jina, asome mwaka, ahakikishe hapajaandikwa "chapa ya pili". Ukaongeza kwamba kile kitabu cha mbuzi, toleo la kwanza lina mbuzi wa miguu mitatu ukurasa wa tisa, kwa vile mchoraji alisahau, na sasa watu wanalitafuta kama dawa. Kitabu hicho ninacho! Niliachiwa na marehemu mama.

Nikakipeleka mbio kwa muuza vitabu. Alikinusa, akakipapasa, akaniita "mama mheshimiwa", akaahidi tubadilishane kwa cherehani mpya. Kufika ukurasa wa tisa, mbuzi ana miguu minne. Wa nne ni wa penseli. "Wewe mama, umeniharibia siku," akasema. Uheshimiwa ukaishia hapo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Makala yako ilichelewa. Ingetoka kabla binti yangu hajaijua penseli, leo ningekuwa na cherehani. Yeye anakana, "Siyo mimi, mama," lakini nyumbani tuko wawili tu, na mimi simo.

2. Mimi nikishona shati la mkono mmoja, mteja ananirudishia na maneno juu. Hajatokea hata mmoja wa kulitia kwenye kabati la kioo. Iweje mchoraji asifiwe kwa kusahau, halafu mtoto aliyemhurumia mbuzi aitwe mharibifu?

3. Kitabu changu kina kosa na sahihisho lake, vyote pamoja. Naomba utangaze kuwa ni toleo la kwanza na nusu, nakala pekee duniani. Hapo cherehani ziwe mbili.

4. Ikishindikana, vitabu vyote vya miguu mitatu viletwe kwangu, binti yangu avimalizie. Asubuhi hana kazi nyingi.

Nakuombea macho mazima na wino usiokauka. Wasalimie wa nyumbani, wasalimie wa kazini, na mchoraji mwambie mbuzi hajambo, anatembea.

Ni mimi,
Mama wa mtuhumiwa

Nyongeza: Nilipokuwa nakifunga kitabu nikutumie kama ushahidi, nimeona ndani kabisa, karibu na mshono wa ukurasa ule, mwandiko wa marehemu mama, umefifia: "Mguu huu kachora mwanangu leo. Ana miaka minne." Mama alizaa mmoja tu, ndiye mimi. Tafadhali barua hii usiitoe. Muuza vitabu akiuliza, kitabu hakiondoki hata kwa cherehani kumi. Binti yangu nimemwomba radhi; kasema atanisamehe nikimsomea ukurasa wa tisa mara tatu. Tuko mara ya pili.