Majeshi Mawili na Mlango wa Bailey

Itangazwe kwa kila mwenye masikio, kuanzia Louisville, kupitia Columbus, hadi Buffalo: Umoja wetu wa wahamiaji hapa Marekani uko salama. Una majeshi mawili yanayoulinda usalama huo usiku na mchana, na ndiyo maana Jumamosi ile, saa tisa alasiri, binti aliyekuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, alikuwa bado amekaa garini kwenye maegesho ya ukumbi, mtaa wa Bailey, Buffalo, na upepo wa Machi unapiga vioo.

Mwenyekiti Tarcisius, baba mzazi wa binti huyo, hakuona tatizo. Aliona uhakiki unaendelea.

Hapo mwanzo jeshi lilikuwa moja tu, Jeshi la Ukumbi, chini ya Jenerali Mwita wa Columbus. Wiki nzima Mwita anaendesha foklifti ghalani kule Hilliard. Jumamosi ni jenerali. Vijana wake walipanga wageni vitini na kulinda pilau dhidi ya akina mama wanaokuja na foili mkobani. Watu wakawapenda. Basi kwenye mkutano mkuu Mwita akapigiwa makofi marefu kuliko Mwenyekiti. Jamani, Tarcisius alikosa hamu ya kula wiki mbili!

Akatafakari kwa upana wake, akaunda Kikosi Maalumu cha Maegesho. Akakikabidhi kwa Rudasingwa wa Louisville, akampa vizibao vya reflekta, redio za mkononi, na ruhusa ya kumkunjia uso mtu yeyote, hasa Mwita.

Vikosi vikaanza kugombana, kama ilivyotarajiwa. Mazungumzo ya amani yakafanyika Columbus, kwa kuwa ni katikati ya njia. Mwita alitaka Kikosi kimezwe na Jeshi ndani ya wiki mbili. Rudasingwa akasema miaka kumi, "bon, kama tutafanya mbio." Mwisho wakaafikiana: ndani ni kwa Jeshi, nje ni kwa Kikosi. Picha zikapigwa. Mlango ni wa nani, hakuna aliyeuliza.

Tarcisius akaliziba pengo hilo kwa Agizo Namba Nne: hakuna atakayepita mlangoni, bila kujali cheo, pasipo mihuri ya pande zote mbili. Alilisaini kwa wino wa kijani.

Siku yenyewe wageni waliwahi kuingia kabla mihuri haijafika. Ilipofika tu, shughuli ikasimama. Mwita alikaa upande wa ndani wa mlango, Rudasingwa upande wa nje.

"Gonga muhuri, binti apite," alisema Mwita.

"Donc mimi nianze? Kisha useme mlango ni yako? Apana, jenerali. Weye anza."

Agata akashusha kioo cha gari. "Dad, please! Nimeganda huku!"

"Vumilia, mwanangu. Taasisi zinafanya kazi," alisema Tarcisius, kasimama kando ya gari.

Lakini moyoni alikuwa anaungua. Siku hii alikuwa ameingojea tangu Agata anatambaa. Mwezi mzima alikuwa akifanya mazoezi sebuleni, mkono ameupinda hivi, akimwingiza binti wa kufikirika mbele ya wakwe. Hakutaka kitu kingine duniani.

Ndipo Ernestina, mkewe, akachungulia kutoka mlango wa jikoni, kanga kiunoni. Mlango huo haukutajwa popote kwenye mkataba, kwani huko kuna masufuria ya kusugua na hakuna jeshi lililoyadai.

"Baba Agata, piteni huku na mtoto."

"Mwenyekiti apite jikoni? Mbele ya majeshi yake? Kuna itifaki, mke wangu."

"Haya, kaa na itifaki yako. Mwanangu simwachi agande."

Akamshika Agata mkono, wakazama ndani. Vigelegele vikalipuka. Tarcisius akabaki na mkono wake umepinda vilevile, hauna mtu.

Kupitia kioo cha mlango wa mbele alimsikia mshereheshaji. "Baba wa binti yuko wapi? Wakwe wamesimama!" Macho ya watu yakazunguka, yakamwangukia Mutuku, jirani Mkenya aliyepita jikoni kuleta barafu, tena kavaa suti. Tarcisius akamwona Ernestina anamnyang'anya mfuko wa barafu na kumnyooshea tai.

Itifaki ikamtoka. Akakimbia hadi jikoni. Kumefungwa kwa ndani, wapishi wote wako ukumbini wanashangilia. Akarudi mbio mlango wa mbele, akagonga kioo kwa ngumi zote mbili.

"Nifungulieni!"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, majeshi mawili yakawa na msimamo mmoja.

"Mihuri, mheshimiwa," alisema Mwita.

"Mihuri, Président," alisema Rudasingwa.

"Agizo nimesaini mimi!"

"Ndiyo, sahihi tunaitambua. 'Bila kujali cheo.' Maneno yako hayo," alisema Mwita.

"Basi cheo chukueni!" Akaegemeza paji la uso kwenye kioo. "Uenyekiti chukueni, gawaneni! Mwita, ndugu yangu, mimi ni baba wa binti."

Mwita ni mtu wa utaratibu. Aligeuka, akakagua ukumbi meza kwa meza, akarudi mlangoni, akasimama wima.

"Baba wa binti yuko ndani, mheshimiwa. Sasa hivi analishwa keki."