Kuhusu Kifo Changu na Basi la Ijumaa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mageuzi na Ukuaji Endelevu,

Mimi ni Mincho Dralchev wa kijiji cha Gorna Krusha, umri miaka sabini na tisa, meno yangu mwenyewe kumi na saba. Nakuandikia nikiwa mzima, na nakuomba ulishike hilo, kwa sababu ndilo shauri lenyewe. Shule niliishia darasa la nne, lakini mwalimu alisema ningeendelea ningemzidi yeye, ndiyo maana akaniruhusu nikachunge kondoo.

Wizara yako imeagiza kwamba nchi ikue, na ili ikue, kijiji chenye watu chini ya kumi kisipewe basi. Sipingi. Nchi lazima ikue. Sisi Gorna Krusha tuko kumi kamili. Karatasi yenu inasema tisa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sijafa.

2. Kosa lilivyotokea nalijua, maana nilikuwepo. Mwezi wa kumi mlimtuma binti wa kuhesabu watu, Ralitsa, msichana mwenye adabu, ila viatu vyake havikuwa vya tope letu. Aliwakuta wenzangu tisa kwenye chungu cha rakia, pombe yetu kali, wanapika plamu za mwaka huu, akawaandika. Kisha akapanda makaburini kulinganisha majina na daftari lake. Mimi nilikuwa huko namwagia marehemu mke wangu Gina divai kidogo, kama tunavyofanya siku ya wafu.

Jiwe la Gina lina picha mbili, yake na yangu, na majina mawili. Mchongaji alishapanda mlima na vifaa vyake, nikaona ni upumbavu kumwita mara ya pili. Hapa wajane wote tunafanya hivyo. Tarehe yangu ya kuzaliwa ipo, na mahali pa tarehe ya pili pameachwa wazi, ila siku hiyo palikuwa pamefunikwa na nta ya mishumaa. Binti akaniuliza kama nilimfahamu mwanamume wa kwenye picha. Ni picha ya jeshini, nina masharubu. Nikamjibu ukweli, kwamba hakuna aliyemfahamu kuliko mimi. Nikamweleza jinsi alivyobeba pipa la divai peke yake kutoka mtoni, na jinsi alivyocheza kwenye harusi tatu kwa siku moja mpaka mpiga zumari akalazwa. Nusu saa nzima. Hata picha niliifuta kwa mkono wa koti ili aipige vizuri. Akaniambia, "Pole sana, babu. Inaonekana mlipendana." Nikasema asante, nikidhani ni pole ya Gina.

3. Tangu hapo basi halipandi. Sijitetei mimi, mimi natembea. Lakini yuko Lefterka, mjane wa Dolna Krusha, kilomita nane chini. Miaka mitatu alikuwa akipanda na basi la Ijumaa asubuhi kucheza karata nami, jioni anashuka nalo. Si mapenzi, Mheshimiwa. Ni kwamba wilaya hii haina mwingine wa kunitoa jasho, na mara ambazo amenishinda nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na neno la kumwambia. Nililiandaa tangu Pasaka. Nikapanga kulisema Ijumaa ileile mliyofuta basi. Nilisimama kituoni na koti langu la harusi mpaka kuku wakaingia bandani. Jirani yangu Parvan akapita akaniambia, "Mincho, nenda kalale. Marehemu hasubiri basi."

4. Hili la nne nimelisahau. Lilikuwa zito.

5. Mnatutumia vijitabu vya ukuaji endelevu, vina picha ya jani. Mheshimiwa, koti nililolitaja lilikuwa la baba yangu. Mitungi ya kachumbari ya Gina imejazwa na kuoshwa tangu kabla wewe hujazaliwa, na haijavunjika hata mmoja. Mbwa wangu ni wa nne kutumia mnyororo uleule. Mkitaka mshauri niko hapa, na nauli mjue wenyewe, maana basi hakuna.

6. Kama jiwe linatosha kumuua mtu, basi litoshe pia kumhesabu. Makaburini kwetu wako mia tatu na kumi na wawili. Hawahamii Hispania, hawagomi, hawaombi hospitali, na kila mwaka wanaongezeka. Sidhani kama nchi hii ina kijiji kinachokua kwa uendelevu kuliko hicho. Kwa idadi hiyo tunastahili mabasi matatu, posta na stesheni ya treni.

Lile la nne nimelikumbuka. Wizara yako hiyohiyo imeniandikia, kwa jina langu, kwamba mkaguzi anakuja kukifunga chungu changu cha rakia kwa sababu moshi wake unairudisha nchi nyuma. Sasa marehemu mnamwandikia barua ya nini? Chagueni moja.

Kwa hiyo naomba nirudishwe kuwa hai, kwa maandishi na kwa muhuri, na basi lirudi kabla theluji haijafunga barabara, maana neno nililoandaa halivumilii mpaka Pasaka nyingine.

Nisalimie ofisi nzima, dereva wako, mama mzazi kama yupo, na binti Ralitsa. Mwambie simlaumu, na aje na viatu vya mpira.

Wako, anayepumua,
Mincho Dralchev

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mambo yamegeuka. Jumatano mkaguzi alifika, akamuulizia mwenye chungu. Parvan akamwonyesha karatasi yenu inayoniita marehemu. Mkaguzi akavua kofia, akasimama kidogo, akaondoka. Chungu kinachemka.

Ijumaa akaja Lefterka, kwa miguu, tope mpaka magotini, na tepsi ya banitsa, mkate wa jibini, mkononi. "Nimesikia umekufa," akasema, "nikaona nije nitazame kama umepata adabu." Nililisema neno langu, ingawa si kama nilivyoliandaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu. "Kilomita nane napanda mara moja tu, Mincho. Kushuka sishuki."

Kwa hiyo mwandikeni yeye. Sasa tuko kumi bila mimi, na basi ni haki yetu, maana cherehani yake bado iko chini. Hayo ya kunifufua, acheni. Jiwe ameshaenda kuliona. Kasema masharubu yananipendeza na Gina amekaa vizuri, ila ile nta ya tarehe ya pili isibanduliwe.